Kauri za China zilizo makavazini Pwani

Mkazi wa Nyamira ni jirani wa sanaa ya mawe. Huko Tabaka, upande wa Kisii, mafundi huchonga mabakuli na vinyago kwa jiwe laini, kisha hukisugua kila kimoja kwa maji hadi king'are. Lakini akitaka kuona sanaa ya kale ya China bila kuvuka mipaka ya Kenya, hana budi kushuka hadi Pwani, kwenye makavazi ya Fort Jesus mjini Mombasa au magofu ya Gedi karibu na Malindi.

Huko atakuta sahani, mabakuli na vigae vya kauri. Jiwe la Tabaka huchongwa jinsi lilivyo. Kauri huzaliwa motoni. Udongo mweupe hufinyangwa, hupakwa rojo inayogeuka kioo chembamba, kisha huchomwa kwa joto la nyuzi zipatazo 1,300. Kauri nyingi za kijani zilitoka Longquan, na zile nyeupe zenye michoro ya buluu Jingdezhen. Buluu hiyo ni ya madini ya kobalti, ambayo wakati fulani yaliagizwa kutoka Uajemi.

Waswahili hawakuziweka mezani pekee. Walizipachika katika kuta za nyumba, kwenye mihrabu ya misikiti na juu ya makaburi yenye minara, kama lile la Mambrui.

Kwa wanaakiolojia, hata kigae kibovu kina thamani. Mitindo ya kauri ilibadilika kadiri tawala za China zilivyopokezana, hivyo kigae kilichofukiwa chini ya sakafu hudokeza umri wa nyumba nzima. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gedi mwaka wa 1948, alivitegemea sana vigae hivyo.

Sarafu nazo zimepatikana. Mwaka wa 2010 wataalamu wa China na Kenya walichimbua Mambrui sarafu ya enzi ya Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424. Nyingine ilipatikana kisiwani Manda mwaka wa 2013. Wapo waliokimbilia kusema kwamba hizo ni nyayo za meli za Zheng He. Huenda, ila sarafu hupita mikononi mwa wengi, na peke yake haithibitishi ni nani aliyeileta.

Linalosikitisha ni makaburi ya Pwani ambayo sasa yamebaki na matundu ya duara, mahali ambapo mabakuli yaling'olewa. Bakuli lililouzwa kwa magendo huweza kubaki zuri, lakini halisemi tena lilikuwa kwenye kaburi gani wala la zama zipi. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka wa 2006 hulinda vitu vya kale kote nchini, Nyamira ikiwemo: anayekumba kitu cha aina hiyo akichimba msingi au shamba anatakiwa kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa.