Maji ya Mchangani

Ukihudhuria ibada Jumapili yoyote hapa Nairobi, hukosi ushuhuda wa aina hii. Kijana alikuja mjini na begi moja. Alilala njaa, akafukuzwa kwa sababu ya kodi, akatembea kutafuta kazi mpaka soli ya kiatu ikaisha. Leo ana kazi nzuri. Anamaliza kwa kusema hakuwa na mtu yeyote, ilikuwa yeye na Mungu tu. Tunapiga makofi, na mimi napiga pia. Lakini huwa najiuliza: yule binamu aliyemlaza sakafuni kwake miezi minne ameketi kiti gani? Na mama aliyekopa kwenye chama ili apate nauli, je, hakuwa mtu?

Si vijana wa siku hizi pekee wanaosimulia hivyo. Habari za Ukristo kuingia Ukambani, zile tulizosikia tukienda ocha Kitui na Makueni, zimesimuliwa vivyo hivyo: Mzungu mmoja, Biblia moja, nyika, na Mungu. Ukizisoma polepole, unakuta kuna watu wengi ndani yake. Ni vile tu hawakupewa nafasi ya mbele.

Tuanze na Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kianglikana la CMS. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akazika mke wake na mtoto wao mchanga. Mwaka 1849 alisafiri hadi Kitui, akapokelewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu. Kivoi ndiye aliyemweleza habari za mlima wenye kitu cheupe kileleni, na tarehe 3 Desemba 1849 Krapf akauona kwa macho yake kutoka kulekule Kitui. Jina la nchi yetu linatokana na jina la mlima huo. Kivoi hakuwa malaika, tuseme ukweli. Alikuwa na watumwa, na alikuwa na hesabu zake za biashara alipomkaribisha mgeni. Lakini bila Kivoi, Krapf asingekuwa na nyumba ya kulala wala njia ya kupita.

Agosti 1851 wawili hao walikuwa safarini kuelekea Mto Tana, wakavamiwa na majambazi. Kivoi akauawa. Msafara ukatawanyika, Krapf akakimbilia porini akiwa na bunduki na darubini. Hapa ndipo penye ile picha tunayoipenda, ya mtu peke yake na Mungu wake. Alifika mtoni, akanywa, halafu kwa kukosa kibuyu akajaza maji kwenye mitutu ya bunduki na kwenye mfuko wa ngozi wa darubini. Maji hayo hayakumfikisha mbali. Alipita mito mikavu, akachimba mchanga, asipate kitu. Mwishowe akasikia nyani. Alijua nyani hawakai mbali na maji, akafuata sauti mpaka akaona shimo walilolichimba mchangani. Mlikuwa na maji. Alimshukuru Mungu, akanywa, kisha akaufunga unga wa baruti kwenye leso ili pembe aliyoutunzia aijaze maji.

Naamini shukrani yake ilikuwa ya kweli, na sina shida nayo. Ila tazama jinsi msaada wenyewe ulivyokuja. Hakukutana na malaika mwenye mtungi. Alipata shimo lililochimbwa na viumbe waliokuwa wamejua siku nyingi kwamba mto wa Ukambani ukikauka juu, chini bado una maji. Wakamba nao walilijua jambo hilo vizazi kwa vizazi. Krapf alikuwa ndiyo kwanza anajifunza. Na shimo hilo halikutosha kumrudisha Rabai. Ilibidi arudi kwa watu. Jamaa za Kivoi walimlaumu vikali: rafiki yake amekufa, yeye yuko hai kwa nini? Swali lao lilikuwa kali, lakini lina maana. Kwao, kusafiri pamoja kulikuwa deni. Aliogopa kuuawa, akatoroka usiku, akateseka tena, na baadaye akafika Yata na kurudi pwani.

Baada ya miaka zaidi ya arobaini alikuja Peter Cameron Scott, Mskoti aliyekulia Marekani. Alikuwa ameshakwenda Kongo, ambako alimzika ndugu yake John. Mwaka 1895 aliongoza kikundi kidogo cha Africa Inland Mission kutoka Marekani. Desemba mwaka huo wakaweka kituo chao cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo. Kanuni yao ilikuwa imani: hakuna mshahara maalumu, hakuna kuwabembeleza wafadhili, unamwomba Mungu naye atatoa. Ni kanuni inayogusa moyo. Mtu anayeacha kila kitu kwa msingi huo si wa kuchekwa.

Lakini Desemba 1896 Scott alifariki kwa homa, akiwa na miaka 29. Hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja Nzaui. Wenzake wakafuata, wengine kaburini, wengine melini kurudi kwao. Kisha ikaja njaa kubwa ya mwisho wa karne, ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, njaa iliyoenea kila mahali. Kufikia 1899 ile kazi ilikuwa imebaki kwenye uzi. Je, Mungu alikuwa hajibu maombi? Mimi sithubutu kusema hivyo. Ninachoona ni kwamba kumtegemea Mungu hakukumwondolea mtu yeyote pale haja ya jirani. Mizigo ilibebwa na wapagazi. Ardhi ilikuwa ya wenyeji. Hata lugha ya kuhubiria ilibidi waombe kwa wenyewe.

Habari ya lugha ndiyo inayonigusa zaidi. Willis Hotchkiss, mmoja wa kikundi cha mwanzo, alisimulia kwamba alitafuta neno la Kikamba la "mwokozi" kwa zaidi ya miaka miwili asilipate. Unaweza kuuliza jina la mti au la mbuzi kwa kunyoosha kidole. Wokovu utaunyooshea kidole wapi? Jioni moja, wakiwa wameketi motoni, mzee aitwaye Kikuvi alianza kueleza jinsi Mzungu mmoja alivyoshambuliwa na simba na jinsi alivyookolewa. Hotchkiss akategea sikio kwa makini, na mwisho akalisikia: bwana aliokolewa na Kikuvi. Neno lilikuwa hilo. Alilokuja kuwafundisha watu lilikuwa tayari mdomoni mwao, na lilimhusu mtu aliyejitia hatarini kwa ajili ya mgeni. Kwa hiyo Hotchkiss alipoanza kumhubiri Mwokozi kwa Kikamba, alitumia neno alilopewa na Kikuvi. Sidhani hilo linampunguzia Mungu chochote.

Sasa tuje karibu kidogo. Wakamba wana desturi iitwayo mwethya. Ukiwa na kazi inayokushinda, iwe kujenga nyumba au kulima kabla mvua haijapita, unawaita majirani. Wanakuja na majembe yao, wewe unapika. Kesho ni zamu ya mwingine, na usipotokea utaulizwa. Serikali ya kikoloni iliitamani sana nguvu hiyo, ikajaribu kuifanya ya lazima ili watu wachimbe matuta ya kuzuia mmomonyoko. Watu wengi waliichukia kwa sura hiyo, na walikuwa na haki. Ukilazimishwa kumsaidia jirani, huo si ujirani tena. Baada ya uhuru mwethya ilirudi mikononi mwa wenyewe, na mara nyingi mikono hiyo ilikuwa ya wanawake.

Mwaka 1978, katika wilaya ya Machakos ya wakati huo ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake, Joshua Mukusya na familia chache walianzisha kikundi cha Utooni. Kazi iliyowapa jina ni mabwawa ya mchanga. Kule Kitui shirika la SASOL nalo, tangu miaka ya 1990, limesaidia vijiji kujenga mamia ya mabwawa hayo. Namna yake ni hii. Mnachimba kitako cha mto wa msimu mpaka mfike kwenye mwamba. Juu ya mwamba mnajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto. Mvua ikija, mafuriko yanaleta mchanga, unajikusanya nyuma ya ukuta. Baada ya misimu michache bwawa limejaa mchanga, na katikati ya chembe zake mna maji, hata robo ya ujazo wote au zaidi. Jua haliyafikii kwa urahisi, na mbu hawana pa kuzalia. Ni shimo la wale nyani wa Krapf, ila sasa linahudumia kijiji kizima.

Shirika huleta saruji, vyuma na fundi. Mawe, mchanga na maji ya kuchanganyia huletwa na wanakijiji, kwa migongo na kwa punda, siku baada ya siku. Mara nyingi kazi inafunguliwa kwa maombi. Ukuta ukikamilika watu wanaomba tena, kwa sababu hakuna kikundi cha mwethya kinachoweza kuleta mvua. Hapo wanamngoja Mungu kwelikweli. Lakini wanamngojea wakiwa wameshajenga ukuta.

Najua kuna hatari ya upande wa pili. Mjini tumeona "kutegemeana" kukigeuzwa biashara: mtoe sadaka, mpande mbegu, na anayevuna ni mmoja kila msimu. Mwethya inatupa kipimo rahisi cha kulijua hilo. Leo tuko shambani kwangu, kesho tuko kwako. Kama kesho yako haifiki, hiyo si mwethya, hata iombewe vipi.

Kwa hiyo sisemi kijana wa ule ushuhuda alidanganya. Huenda usiku fulani kweli hakuwa na mtu, na Mungu akamshika. Ninachomwomba ni kitu kidogo. Siku nyingine akishika maikrofoni, amtaje Mungu, halafu amtaje binamu kwa jina na chama cha mama kwa jina. Kikuvi tunalijua jina lake kwa sababu Hotchkiss alikumbuka kulitaja. Waliombebea Scott mizigo mpaka Nzaui hatuwajui hata mmoja.