Nguvu ya Amplifaya katika Nchi ya Shaba

Katika miaka ya 1950, kwenye maporomoko ya Gogo ya mto Kuja, palijengwa mtambo wa umeme wa megawati 2, na makusudi ya ujenzi huo hayakuwa kuwaangazia wakazi wa Nyanza ya Kusini, bali kuendesha mgodi wa Macalder, ambao ulianza kwa tamaa ya dhahabu, ukageuka kuwa mgodi wa shaba, na ukadumu katika kazi hiyo hata ulipofungwa mwaka 1966. Naianzia hapo tarikhi hii kwa kuwa shaba ndiyo damu ya amplifaya ya vali: transfoma zake mbili, ile ya kupokea umeme na ile ya kulipeleka wimbi kwenye spika, ni nyaya za shaba zilizozungushwa mara nyingi mno juu ya chuma, na mzigo mkubwa anaoubeba mpiga gitaa aingiapo ukumbini ni uzito wa transfoma hizo.

Vali yenyewe ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, ambayo uzi wake huwashwa kwa volti 6.3 tu, ilhali bamba lake hupewa volti mia tatu, mia nne au zaidi. Ikisukumwa hadi ukomo wa uwezo wake, haikati wimbi kwa ghafla, bali hulipinda taratibu, na sauti ya gitaa hunenepa na kupata ukali ambao wapenzi wa roki waliuthamini kupita kiasi. Taabu ilikuwa kwamba ukomo huo, kwa mashine ya wati 100 kama zile ambazo Jim Marshall wa London alianza kuziunda mwaka 1965, ulikuwa mbali sana, na aliyeutafuta katika chumba kidogo aliwaumiza masikio wote waliokuwamo. Wala nusu ya wati haileti nusu ya kelele: kuzitoa wati 50 katika 100 ni kupunguza desibeli 3 peke yake, na ili sikio lihukumu kwamba sauti imeshuka nusu, nguvu haina budi kushushwa hadi sehemu moja ya kumi.

Mafundi wakahangaika. Mwaka 1975 Marshall walitia kitufe cha pili cha sauti, kilichozuia wimbi kabla halijafika kwenye vali kubwa. Mwaka 1980 Tom Scholz, mpiga gitaa wa bendi ya Boston na mhandisi wa taaluma, aliuza kisanduku kilichokaa kati ya amplifaya na spika, kikiigeuza nguvu ya ziada kuwa joto. Wengine walichomoa vali mbili katika nne, na hapo palihitajika uangalifu, kwani vali hizo hufanya kazi kwa zamu, jozi moja ikiubeba upande mmoja wa wimbi na jozi ya pili upande wake mwingine, kwa hiyo ilipasa kuondoa moja kila upande, kisha spika ya omu 8 ihamishiwe kwenye tundu la omu 4, ili vali zilizobaki zikutane na mzigo unaozifaa. Ama kuiwasha mashine bila spika yoyote, hilo ni kosa liwezalo kuiunguza transfoma ya shaba hata isitengenezeke.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu kwa sababu kati ya Macalder na Shirati, ng'ambo ya mpaka wa Tanganyika, alikozaliwa mwanamuziki wa benga D. O. Misiani mwaka 1940, haja ya wapiga gitaa ilikuwa kinyume chake. Benga ya Wajaluo iliurithi mwendo wa nyatiti, kinanda cha nyuzi nane, na uzuri wake ni gitaa la juu linalodonoa kila noti ikasikika peke yake, safi, mbele ya besi inayokwenda mbio. Mpigaji wa namna hiyo hautamani ukomo wa vali, anauogopa. Na mahali ambapo umeme ulitoka katika jenereta ndogo ya petroli, volti zikayumba kila bendi ilipochachamaa, nguvu ya amplifaya ilipunguzwa pasipo ridhaa ya mtu: mabamba yalipungukiwa, noti za juu zikachafuka, na nyuzi za vali, zikikosa joto lake la haki kwa muda mrefu, zilichakaa kabla ya wakati. Kwa hiyo fundi mwenye busara atakaye kushusha nguvu hushusha volti za mabamba, lakini zile 6.3 huziacha zilivyo.

Juu ya hayo, kuna ada moja ambayo naiona kuwa ndiyo hakimu wa kweli wa jambo hili. Katika ada hiyo, iitwayo pakruok, mmoja wa hadhirina hutoa fedha, muziki ukasimamishwa au ukatulizwa, naye akajisifu au akamsifu rafiki, ukoo au mpenzi wake kwa maneno ya fahari, kisha ngoma ikaendelea mpaka mwingine atoe chake. Ada hiyo ilitangulia gitaa, nayo ilidai kwamba ala ijue kunyamaza upesi na kurudi upesi. Hapakuwa na nafasi ya kuchomoa vali wala kufunga kisanduku. Ilibaki kitufe kilichoko juu ya gitaa lenyewe, kinachozungushwa kwa kidole cha mwisho huku vidole vingine vikiendelea kudonoa. Tena benga yenyewe imejengwa hivyo, waimbaji wakitangulia kwa utulivu, halafu sauti za watu zikiwaachia magitaa uwanja yapande hadi kileleni. Na mwenye kuiondolea amplifaya yake nusu ya wati ili beti zisikike vizuri angejikuta, wimbo ufikapo hapo, hana cha kupandia.