Nani Aliamua Kompyuta Ilale?

Kwa miongo kadhaa mji wa Songea ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa. TANESCO iliuzalishia umeme kwa mitambo ya dizeli, na mafuta yalikuja kwa barabara. Mwaka 2018 ndipo njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, yenye urefu wa takribani kilomita 250, iliyojengwa kwa fedha za Tanzania na Sweden, ilipouunganisha mji huu na gridi.

Katika miaka hiyohiyo ya dizeli, kanuni za kulala na kuamka kwa kompyuta zilikuwa zikiandikwa kwingine. Mwaka 1992 Marekani ilianzisha alama ya Energy Star ili kuhimiza vifaa vinavyobana umeme. Katikati ya muongo huo kampuni za AMD na Hewlett-Packard zilibuni ujumbe wa kuamsha kompyuta kupitia mtandao: baiti 6 za utangulizi, kisha anwani ya kadi ya mtandao ikirudiwa mara 16. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni za pamoja za usimamizi wa umeme.

Tangu hapo, programu inayoendesha kadi ya mtandao huja na maamuzi tayari: je, kadi izimwe kompyuta inapolala? Je, iruhusiwe kuiamsha? Maamuzi haya hayakuwa njama. Yalifaa mazingira ya waliyoyafanya, ambako umeme haukatiki mara kwa mara. Kadi inayosubiri kuamsha huhitaji umeme kidogo usiokoma. Ukikatika, kompyuta nyingi haziitikii tena wito hadi mtu aziwashe kwa mkono. Hivyo marekebisho ya usalama yaliyopangwa kufanyika usiku hayafanyiki, wala hakuna anayejua.

Upo pia upande wa ulinzi. Ujumbe huo, katika umbo lake la kawaida, haumtambulishi aliyeutuma. Yeyote aliye ndani ya mtandao wa ofisi anaweza kuutuma.

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya kusimamia eneo hili. Hata hivyo, sheria haibadilishi alama ya tiki iliyowekwa kiwandani. Kila halmashauri, chuo na hospitali inapaswa kuandika yenyewe ni kompyuta zipi ziamshwe, saa ngapi, na kwa idhini ya nani. Pasipo maandishi hayo, uamuzi wa mhandisi wa mbali ndio unaoendelea kutawala ofisi zetu, naye hakuwahi kuulizwa habari za Songea.