Paka wa Sokoke

Paka wa Sokoke (Kigiriama: kadzonzo) ni aina ya paka wafugwao yenye asili ya pwani ya Kenya, kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi. Ni paka mwembamba, mwenye miguu mirefu na macho ya kaharabu au kijani hafifu. Kwa kuwa miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, hutembea kama anayenyata.

Asili

Mwaka 1978 Jeni Slater, mkazi wa pwani, aliona vitoto vya paka vyenye mabaka ya ajabu katika shamba lake la minazi, akachukua dume na jike kuwafuga. Vitabu vya paka humwita mgunduzi, lakini Wagiriama walikuwa wakimjua kadzonzo tangu zamani na walikuwa na jina lake. Mwaka 1984 rafiki yake Slater, Gloria Moeldrup, alipeleka jozi Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la paka, FIFe, likaitambua aina hii rasmi.

Hapo awali ilidhaniwa ni chotara wa paka mwitu. Vipimo vya vinasaba vilikanusha dhana hiyo: ni paka wa nyumbani, aliye karibu kinasaba na paka wa Lamu na wale wa Asia. Matokeo hayo yanaafikiana na historia ya majahazi yaliyosafiri kati ya Asia na pwani hii kwa pepo za kusi na kaskazi.

Rangi ya manyoya

Uzuri wa paka huyu uko kwenye manyoya yake: mafupi, yaliyolala mwilini, ya kahawia yenye mabaka meusi yanayozunguka ubavuni, mfano wa gome la mti. Unywele mmoja mmoja una vipande vya rangi nzito na hafifu, hivyo hata ndani ya baka jeusi huonekana chembe za kahawia.

Mabaka hayo hurithiwa kwa kujificha. Kitoto hakiyapati mpaka kirithi kwa baba na mama. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kuwa husababishwa na mabadiliko katika jeni la Taqpep, jeni lilelile linalomgeuzia duma madoa yake kuwa mabaka na michirizi, yaani yule aitwaye duma mfalme.

Huzaliwa pia weusi, na weupe wenye ncha za giza. FIFe haiwakubali katika mashindano, ingawa ni ndugu wa tumbo moja na wenye mabaka. Kwa hiyo rangi inayoitambulisha aina hii leo ni sehemu tu ya rangi zilizomo katika damu yake. Pwani kwenyewe anayeshukiwa ni paka mweusi, ambaye wengi humhusisha na majini na uchawi.

Ndani au nje

Vijijini Kilifi paka hafungiwi. Hula panya wa ghalani na mabaki ya samaki, hulala juu ya makuti, na shume hupotea siku kadhaa kisha akarudi. Miongoni mwa Waislamu huingia mpaka chumbani bila kufukuzwa, kwani mate yake hayanajisi maji ya udhu.

Ulaya mambo ni kinyume. Manyoya yake ni mepesi, hayana sufi ya kutosha kuhimili baridi ya Denmark, na kwa uchache wa paka hawa wafugaji hawathubutu kuwaachia barabarani. Wengi huishi ndani maisha yao yote. Paka mchangamfu na mpandaji kama huyu anahitaji nafasi na mwenzake. Kumfungia peke yake chumbani ni kumtesa.

Upo upande wa pili unaostahili uzito. Arabuko-Sokoke, yenye kilomita za mraba 420 hivi, ni makao ya bundi wa Sokoke, kwera wa Clarke na sengi mwenye kiuno cha dhahabu, wanyama ambao karibu hawapatikani kwingine. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, na kwa vijiji vinavyopakana na msitu, kumlaza paka ndani usiku ni hifadhi isiyo na gharama.

Hali ya sasa

Ni wachache. Hufugwa hasa Skandinavia na Marekani.