Otieno Nyuma ya Wiketi

Hapa Kaplong, ukitaja michezo utahesabiwa wakimbiaji mpaka chai ipoe. Kriketi? Utaulizwa kama ni ule mchezo wa Wahindi.

Mimi niliingia kwa mlango wa jina. Kwenye kikosi cha Kenya cha Kombe la Dunia la 2003 niliona akina Obuya wawili, Collins na David, na Otieno mmoja, mlinda wiketi. Baadaye ndipo nikajua Kennedy Otieno ni kaka yao mkubwa, na kwamba naye alikuja kujulikana kama Obuya.

Otieno kwa Kijaluo ni mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku. Kwetu Wakipsigis angeitwa Kipkemoi. Jina lilimfaa, maana kazi yake ni ya gizani. Zamu moja ya ova 50 ina mipira 300, na mlinda wiketi anachuchumaa kwa kila mmoja. Akidaka vizuri, sifa ni za mrushaji. Akiangusha mmoja, uwanja mzima unamjua.

Na bado Kennedy alikuwa akifungua kupiga. Mwaka 1996, kule Visakhapatnam, India, aliwafunga Australia mikimbio 85. Oktoba 1997, Nairobi, yeye na Dipak Chudasama, daktari wa meno, walijenga 225 dhidi ya Bangladesh kabla wiketi ya kwanza kuanguka. Zake zilikuwa 144.

Halafu Februari 24, 2003, Nairobi, Sri Lanka. Kenya ikapata 210, Kennedy akiwa na 60. Akavua pedi za kupigia, akavaa glavu, akachuchumaa nyuma ya wiketi huku mdogo wake Collins akirusha ile mipira yake ya kuzunguka. Collins akatoa wapigaji 5 kwa mikimbio 24, Sri Lanka wakaishia 157. Kenya ikasonga hadi nusu fainali, na Collins akapata mkataba na Warwickshire ya Uingereza.

Sibishi, Collins alistahili. Lakini piga hesabu hii: tulishinda kwa 53. Toa zile 60 za kaka mtu, tunabaki na 150, na Sri Lanka wako mbele.

Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Nchi ikiacha kucheza, wa kwanza kusahaulika ni wale ambao hata wakati wa shangwe hawakuonekana vizuri.

Juzi nilimweleza jamaa wa boda pale stejini hesabu hiyo ya 53 na 60. Yeye ni Kipkemoi pia, kama walivyo wengi huku. Akafikiri, kisha akaniambia, "Hebu niandikie jina la huyo wajina wangu. Lote."

Nikaandika: Kennedy Otieno Obuya.