Keith Floyd: Mpishi Aliyeshindwa na Daftari



Huenda wengi wenu mlitarajia niandike juu ya daktari au mwanasiasa. Nimemchagua mpishi, Mwingereza Keith Floyd, kwa sababu mbili. Kwanza, mpaka leo kijana akisema anataka kuwa mpishi, wako wazazi wanaoona ada yao imepotea bure. Pili, nimekaa serikalini miaka ishirini nikishughulika na vitabu vya hesabu, na maisha ya Floyd yananifundisha jambo ambalo Chuo Kikuu tulilisoma kwa nadharia tu.

Floyd alizaliwa mwaka 1943, akasoma Wellington School, Somerset. Hakwenda chuo kikuu. Alianza kazi katika gazeti mjini Bristol, akaingia jeshini katika kikosi cha vifaru, kisha akashika kazi za chini kabisa jikoni: kumenya viazi na kuosha vyombo. Ilipofika mwaka 1971 alikuwa na mikahawa mitatu Bristol. Wateja walishiba, lakini fedha hazikukaa. Akauza, akaenda Ufaransa ya kusini na kufungua mkahawa mwingine. Baadaye akarudi Bristol kuanza tena.

Hapo ndipo David Pritchard, mtayarishaji wa vipindi vya BBC, alipomkuta. Mwaka 1985 kikaonyeshwa kipindi cha Floyd on Fish. Siku zile wapishi wengi wa televisheni walisimama ndani ya studio kama mwalimu mbele ya ubao. Floyd alitoa jiko nje, akapika hata ndani ya mashua za wavuvi. Glasi ya mvinyo mkononi, alimwamuru mpiga picha aache kumtazama yeye, asogeze kamera kwenye kikaango. Katika Floyd on France ya mwaka 1987, mama mmoja wa Kibaski alionja mayai aliyompikia, akamwambia waziwazi kuwa hayafai, kisha akapika yake. Kipande hicho hakikukatwa. Mtu asiyeijua kazi yake angeona haya. Floyd alikuwa amepika miaka mingi kwa watu waliolipa, na lawama ya mlaji haikuwa jambo geni kwake.

Sifa zikaenea, vitabu vikauzwa. Lakini Floyd alinunua baa ya kijijini huko Devon, na ukarimu ukazidi mapato. Mwaka 1996 watazamaji walimwona katika Floyd on Africa. Mwaka huohuo alitangazwa kufilisika, baada ya kujitia dhamana yeye mwenyewe kwa deni la vinywaji la pauni 36,000. Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Alifariki Septemba 14, 2009, akiwa na umri wa miaka 65.

Mlinganisheni na Rick Stein. Huyu naye alikuwa mwenye mkahawa, alioufungua pamoja na mkewe Jill huko Padstow mwaka 1975. Aliwahi kualikwa katika kipindi cha Floyd, na mwaka 1995 Pritchard huyohuyo akamtengenezea kipindi chake mwenyewe. Stein akawa maarufu, lakini mkahawa haukuachwa. Jill aliendelea kuusimamia, na biashara ikakua.

Sisemi Floyd alishindwa maishani. Mpishi wa televisheni anayezunguka sokoni na pwani, akicheka na kuonja, anafuata njia aliyoifungua yeye. Ninachosema ni kwamba kipaji chake hakikumlipia deni hata moja.

Kwa hiyo, vijana, anayependa jiko aende jikoni bila haya, na aanze na kumenya viazi. Lakini somo la utunzaji wa hesabu asilikimbie. Na sisi tuliotangulia, tulio na ujuzi wa vitabu, tuwe tayari kuwakagulia wadogo zetu daftari zao kabla mdai hajabisha hodi.