Duara la shaba sebuleni

Hapa Sundbyberg baridi tu, ila mzima.

Mwenye nyumba kakataza antena za nje, basi nimekunja bomba la shaba la mita 3 likawa duara. Si jambo jipya. Mwaka 1888, huko Karlsruhe, Ujerumani, Heinrich Hertz alinasa mawimbi ya redio kwa duara la waya lenye mwanya mdogo, cheche zikaruka. Mwaka huohuo Max Sievert alianzisha kiwanda cha nyaya hapahapa Sundbyberg!

Kwenye mwanya mimi nimefunga kapasita ya kuchagua masafa. Nikirusha, inabeba maelfu ya volti, watoto hawasogei.

Jana jioni nimesikia kituo cha 5H, yaani Tanzania. Nimemwita mara tatu, hakunisikia. Leo najaribu tena.

Wasalaam.